Maswali ya Wasomaji: Kuujaribu Mfumo Unaotoa Ruhusa kwa Misingi ya Uaminifu

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja: mifumo ya kompyuta ambamo watu wengi hufanya kazi pamoja bila kufahamiana kwa sura, na ambamo kila mmoja huongezewa au hupunguziwa ruhusa kulingana na kiwango ambacho mfumo unamwamini. Wote walioandika wanauliza namna ya kuijaribu mifumo hiyo kabla haijawaumiza watu. Baadhi ya barua zimefupishwa, lakini hoja zake zimeachwa kama zilivyokuja.

SWALI: Ndugu mhariri, ninasoma shahada ya uzamili na utafiti wangu unahusu jukwaa la kushirikiana ambalo watumiaji wake hupewa alama za uaminifu. Msimamizi wangu ameniuliza nitaujaribuje udhibiti wa ufikiaji, yaani nani anaruhusiwa kufikia nini, katika jukwaa hilo. Nilikusudia kuandaa jedwali la watumiaji na faili, kisha kuangalia kama kila ombi linakubaliwa au linakataliwa inavyopasa. Je, hilo halitoshi? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Jedwali la aina hiyo linafaa sana pale ambapo ruhusa hufuata cheo. Mfumo wa vyeo, ambao David Ferraiolo na Richard Kuhn waliueleza rasmi mwaka 1992, una hali chache ambazo hubadilika polepole: mhasibu hubaki mhasibu leo na kesho mpaka msimamizi atakapombadilishia cheo. Ukikijaribu kila cheo dhidi ya kila faili, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Katika mfumo wa uaminifu, jibu la ombi moja hutegemea historia nzima ya mwombaji, yaani alifanya nini, lini, kwa mpangilio gani, na ni nani aliyemthibitisha. Kwa hiyo unachopaswa kukijaribu ni mfuatano wa matukio, na jedwali lako linapiga picha ya wakati mmoja tu katika mfuatano huo.

Chukua kanuni iliyopendekezwa na Audun Jøsang na Roslan Ismail mwaka 2002. Idadi ya matendo mema ya mtumiaji huongezwa 1, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya matendo yake yote, mema na mabaya, iliyoongezwa 2. Mgeni asiye na historia hupata 1 kwa 2, yaani 0.5. Tuseme kizingiti cha kuruhusiwa kubadilisha faili za pamoja ni 0.9. Mgeni anayetenda mema mfululizo atakifikia kizingiti hicho kwenye tendo la 8, kwa kuwa 9 kwa 10 ni 0.9 kamili. Jedwali lako litaonyesha kwamba mwenye matendo 7 amekataliwa na mwenye 8 amekubaliwa, nawe utaandika kwamba mfumo umefaulu.

Sasa iendeleze historia hiyo hiyo. Mtumiaji akifikisha matendo mema 100, alama yake ni 101 kwa 102, karibu 0.99. Akianza kuharibu kwa makusudi, tendo baya la 10 litamwacha na 101 kwa 112, ambayo bado iko juu ya 0.9, hivyo ataruhusiwa kutenda la 11, na hapo ndipo alama itakaposhuka chini ya kizingiti. Yaani mfumo ule ule uliofaulu kwenye jedwali unamwachia mtu aliyeaminiwa aharibu mara 11 kabla ya kumzuia. Na baada ya kuzuiwa, akitenda mema 7 tu mahali pasipohitaji ruhusa kubwa, atapata 108 kwa 120, ambayo ni 0.9 kamili, na ataingia tena. Hakuna mstari hata mmoja wa programu uliokosewa hapo. Kasoro imo katika sera yenyewe, na huwezi kuiona mpaka umeiendesha historia kutoka mwanzo wake hadi mwisho.

Ningekushauri uyaandike majaribio yako kama visa vya watumiaji. Awepo anayepanda polepole na kubaki mwema; anayepanda haraka kisha akageuka mara moja; anayetenda baya moja na kulifidia kwa mema ya kutosha kila mara, ili abaki juu kidogo tu ya kizingiti; anayelala mwaka mzima kisha akarudi; na wawili wenye idadi sawa ya mema na mabaya lakini kwa mpangilio tofauti. Katika kanuni niliyoieleza hawa wawili wa mwisho hupata alama sawa kabisa, na ni juu ya wenye mfumo kuamua kama wanaridhika na hilo. Kabla hujakiendesha kisa chochote, waulize wenye mfumo ni madhara kiasi gani wako tayari kuyavumilia kutoka kwa mtu waliyemwamini, kisha uandike jibu lao. Bila jibu hilo utakuwa na matokeo mengi usiyoweza kuyaita kufaulu wala kufeli.

Yakishakamilika, yapime majaribio yenyewe kwa kuiharibu sera makusudi. Badilisha sharti la "angalau 0.9" liwe "zaidi ya 0.9", ondoa hesabu ya matendo mabaya, geuza sharti la muda, kisha endesha majaribio yote upya. Badiliko ambalo hakuna jaribio lililoligundua linakuonyesha sehemu ya sera ambayo hujaijaribu. Kazi hii inachosha, lakini ninaithamini kuliko ripoti yoyote inayohesabu idadi ya majaribio yaliyofaulu, kwa sababu idadi kubwa ya majaribio yanayoangalia jambo lile lile haimlindi mtu.

Jambo la mwisho ni uzito wa matendo. Kanuni nyingi hulihesabu kila tendo jema kama moja, awe mtu amesahihisha tahajia au amerekebisha programu inayoendesha seva. Wanakikoba wanafahamu kwamba aliyerejesha mikopo ya elfu kumi kwa uaminifu hajathibitisha bado kwamba atarejesha wa milioni, ndiyo maana mikopo hupandishwa ngazi kwa ngazi. Weka kisa cha mtumiaji aliyejipatia alama zote kwa kazi ndogo zisizo na hatari, kisha uone ni kwa umbali gani alama hizo zinamfikisha.

SWALI: Mhariri, sisi hapa Nairobi tunaandika programu zinazotegemea maktaba nyingi za programu huria, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine. Tangu kisa cha XZ cha mwaka 2024, wakubwa wetu wanataka kila mchangiaji apewe alama ya uaminifu, na anayepungukiwa asiruhusiwe kuingiza msimbo. Je, kuna jaribio lolote la mfumo wa namna hiyo ambalo lingemnasa mhusika wa XZ? – Mwandishi wa programu, Nairobi

JIBU: Kwa ajili ya wasomaji wengine, nianze kwa kukieleza kisa chenyewe. XZ Utils ni programu huria ya kubana data inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja aliyejitolea, Lasse Collin wa Ufini. Mwaka 2021 ilijitokeza akaunti iliyojiita Jia Tan, ikaanza kuleta marekebisho yenye manufaa. Mwaka 2022 akaunti nyingine ambazo hazikujulikana kwa mchango wowote zilianza kumlaumu mtunzaji kwa kuchelewa na kumshinikiza aongeze mtu wa kumsaidia. Kufikia mwaka 2023 Jia Tan alikuwa akitoa matoleo rasmi ya programu hiyo. Februari 2024 lilitoka toleo la 5.6.0 na Machi likafuata la 5.6.1, yote mawili yakiwa na mlango wa siri ambao, kupitia SSH, huduma ya kuingia kwenye seva kwa mbali, katika baadhi ya mifumo, ungempa mwenye ufunguo wake uwezo wa kuendesha amri kwenye seva za watu wengine. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza hadharani alichokigundua, baada ya kuona kwamba kuingia kwa SSH kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida.

Jibu la swali lako ni kwamba jaribio la alama peke yake lisingemnasa. Kwa zaidi ya miaka miwili akaunti ile ilifanya kazi ya kweli, na mfumo wowote wa alama ulioandikwa kwa usahihi ungempa alama za juu, kwa kuwa alama hupima mwenendo uliopita na mwenendo uliopita ulikuwa mzuri. Wakubwa wako wakinunua mfumo wa alama kwa kutarajia kwamba utawaonya kuhusu mtu wa aina hiyo, watakuwa wamelipia kitu ambacho hakipo, na ninaomba uwaeleze hivyo waziwazi kabla ya fedha kutoka.

Yapo hata hivyo majaribio ambayo yangeonyesha mapema jinsi madhara yangekuwa makubwa endapo mtu huyo angegeuka, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yenye tija zaidi. La kwanza ninaliita jaribio la usaliti. Chukua kila akaunti yenye kuaminiwa kwa kiwango cha juu, chukulia kwamba kuanzia sasa iko mikononi mwa adui, kisha orodhesha kila kitu inachoweza kukikamilisha peke yake bila mtu wa pili kukiona. Lifanye kwa vitendo katika nakala ya mfumo. Usiridhike na kusoma sera, kwa sababu sera zilizoandikwa na ruhusa zilizowekwa hupishana mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Angalia jaribio hilo lingeleta nini katika XZ. Akaunti moja iliweza kubadilisha msimbo, kuongeza faili, kutayarisha kifurushi cha toleo na kuwasiliana na huduma ya nje inayoijaribu programu. Sehemu kubwa ya msimbo mbaya ilifichwa ndani ya faili za majaribio, faili za data iliyobanwa ambazo kwa asili yake baadhi hutakiwa ziwe mbovu, na ambazo hakuna mtu anayezisoma kwa macho. Hati iliyouamsha msimbo huo iliwekwa katika kifurushi cha toleo tu na haikuwamo katika hifadhi ya msimbo ambayo watu wote waliitazama. Tena Julai 2023 akaunti hiyo hiyo iliiomba OSS-Fuzz, huduma ya Google inayozilisha programu data ya kubahatisha ili kufichua kasoro, izime kipengele kimoja wakati wa kuijenga XZ, kipengele ambacho baadaye mlango wa siri ulikitumia. Ombi lilikubaliwa kwa kuwa lilitoka kwa mtunzaji aliyetambulika.

Hapo ndipo ningewaomba mtie mkazo. Andaa jaribio ambamo akaunti yenye alama za juu inajaribu kuzima jaribio, kubadilisha matokeo yanayotarajiwa, kuongeza faili ya data isiyosomeka katika folda ya majaribio, au kumbadilisha mtu anayepokea taarifa za kasoro. Mfumo uliowekwa vyema utayasimamisha maombi hayo yote mpaka mtu wa pili ayakubali, hata kama mwombaji ana alama kamili. Mfumo unaoyapitisha kwa sababu ya alama umempa anayejaribiwa funguo za chumba cha mtihani, na hakuna hesabu ya uaminifu itakayouokoa.

Jaribio jingine ni la kulinganisha. Jenga programu kutoka kwenye hifadhi ya msimbo, jenga tena kutoka kwenye kifurushi kilichotolewa, kisha udai maelezo ya kila tofauti. Zipo tofauti halali, hasa faili zinazozalishwa na zana za ujenzi, kwa hiyo siku za mwanzo mtapata taarifa nyingi zisizo na hatari. Msikate tamaa mkaizima, kwa maana hati ya XZ ilijificha katikati ya faili za aina hiyo hiyo.

Kisa cha mwaka 2018 cha maktaba ya event-stream kinatoa jaribio ambalo wengi hulisahau. Mtunzaji wake, ambaye hakuwa akiitumia tena, aliikabidhi kwa mtu aliyejitolea kuitunza, na mtu huyo akaiunganisha na maktaba nyingine iliyobeba msimbo wa kuiba bitikoini kutoka kwa watumiaji wa Copay, pochi ya kidijitali ya kuhifadhia bitikoini. Uaminifu uliojengwa na mtu mmoja ulihamia kwa mwingine pamoja na jina la maktaba. Katika mfumo wenu, badilisheni mwenye akaunti, mwenye maktaba na ufunguo wa kutia sahihi, kila kimoja kwa wakati wake, kisha muangalie kama alama zinabaki zilivyokuwa. Zikibaki, mnaamini jina, na jina linaweza kukabidhiwa kwa yeyote.

SWALI: Shikamoo mhariri. Sisi ni kikundi cha vijana tunaochora ramani za mitaa kwa kujitolea. Mwenzetu akishachora vya kutosha bila makosa tunampa ruhusa ya kuthibitisha kazi za wengine. Tunahofia mtu mmoja kufungua akaunti nyingi zinazothibitishana zenyewe. Tutaujaribuje mpango wetu bila kuiharibu ramani ambayo watu wanaitumia? – Kiongozi wa kikundi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Kazi yenu naiheshimu sana, kwa kuwa tangu mradi wa Ramani Huria ulipoanza jijini humo mwaka 2015, ramani zilizochorwa na wanafunzi na wakazi zimesaidia kuonyesha mitaro na maeneo yanayofurika, na ramani ya namna hiyo ikichafuliwa, anayeumia ni mkazi wa bondeni ambaye hata hajui kwamba mfumo wenu upo.

Kuhusu mahali pa kujaribia, msiguse ramani halisi hata kidogo. Wekeni nakala ya mfumo yenye eneo dogo la ramani, akaunti za kubuni, na saa mnayoweza kuisogeza wenyewe, ili kisa cha miezi 6 kiendeshwe kwa dakika chache. Mkitaka kutumia historia za wanachama wa kweli, ondoeni majina na vitambulisho kwanza na muwaombe ridhaa, kwa sababu rekodi ya nani aliaminiwa na nani alishukiwa ni habari nyeti kuliko inavyoonekana.

Hofu yenu ya akaunti nyingi ina msingi wa kitaalamu. John Douceur alionyesha mwaka 2002 kwamba pasipokuwa na mamlaka moja ya kuthibitisha watu ni nani, karibu haiwezekani kumzuia mtu mmoja asijitokeze kama watu wengi katika mfumo wa mtandao. Kwa hiyo msitafute mpango usiodanganyika; tafuteni mpango ambao udanganyifu wake una kikomo mnachokijua. Advogato, jukwaa la mtandaoni la waandishi wa programu huria lililoanzishwa na Raph Levien mwaka 1999, lilijaribu njia ambayo bado inafundisha. Uaminifu ulitoka kwa akaunti chache zilizofahamika tangu mwanzo, ukapita kwa wale waliothibitishwa nao na kuendelea hivyo, lakini kila mtu alikuwa na kiasi cha juu anachoweza kupitisha, na kiasi hicho kilipungua kadiri alivyokuwa mbali na chanzo. Akaunti za uongo elfu moja zikimzunguka mwanachama mmoja mzembe ziligawana kile kidogo alichoweza kupitisha yeye.

Hilo linawapa jaribio safi kabisa. Tengenezeni mtandao wa wanachama wema, tuseme 50, kisha muunganishe kundi la akaunti za uongo kwa kupitia mwanachama mmoja aliyedanganywa. Wekeni akaunti za uongo 10, kisha 100, kisha 1,000, na kila mara mhesabu ni ngapi zilizopata ruhusa ya kuthibitisha. Idadi hiyo ikipanda pamoja na wingi wa akaunti za uongo, mpango wenu ni dhaifu, na yeyote mwenye subira ya kufungua akaunti atauteka. Ikibaki palepale, rudieni kwa wanachama waliodanganywa 2, kisha 5, ili mjue kila mmoja anafungua mwanya wa ukubwa gani. Ninatabiri kwamba mpango wa "ukithibitishwa na wawili unapita" utafeli jaribio la kwanza, maana akaunti mbili za uongo zikishapita zitathibitisha ya tatu, na zote tatu ya nne, bila mwisho.

Jaribuni pia sifa mbaya za uongo, yaani akaunti zinazomshitaki mwanachama mwema ili aondolewe. Vikundi vingi hujilinda dhidi ya wanaopandishana na kusahau wanaoshushana, na katika kikundi kidogo kama chenu kumpoteza mthibitishaji mmoja mzuri kunaweza kuizuia kazi ya wiki nzima.

Kuna desturi moja ya BOINC ambayo ningependa muichukue. BOINC ni mfumo uliotokana na SETI@home, mradi wa Berkeley ulioanza mwaka 1999 ambapo watu walijitolea kompyuta zao zichakate mawimbi ya redio kutoka angani. Kazi ile ile hutumwa kwa kompyuta zaidi ya moja na majibu yakalinganishwa. Kwa kuwa jambo hilo hula nguvu nyingi, wenye mradi wanaweza kuamua kwamba kazi za kompyuta iliyotoa majibu sahihi mfululizo kupita kiwango fulani zirudiwe kwenye kompyuta nyingine kwa nadra zaidi, kwa kubahatisha, na nafasi ya kurudiwa huzidi kupungua kadiri kompyuta hiyo inavyoendelea kuwa sahihi. Hesabu hiyo huwekwa kwa kila kompyuta pamoja na kila toleo la programu inayoendeshwa, hivyo kuaminiwa katika kazi moja hakuhamii katika nyingine. Kwenu, aliye hodari wa kuchora majengo asihesabiwe moja kwa moja kuwa hodari wa mitaro. Na mthibitishaji mkongwe aendelee kukaguliwa mara chache bila kujulishwa ni lini. Katika nakala yenu ya majaribio, mgeuzeni mkongwe awe mharibifu, kisha muangalie makosa mangapi yanapita kabla ukaguzi wa kubahatisha haujamfikia. Idadi hiyo ndiyo gharama ya kupunguza ukaguzi, na kikundi kizima kinapaswa kuijua na kuikubali.

SWALI: Mfumo wetu unashusha alama za mtumiaji papo hapo akikosea. Je, hilo linatosha kumzuia? – Msimamizi wa seva, Mombasa

JIBU: Halitoshi, na hapa majaribio mengi huishia njiani. Alama ikishuka, mtumiaji anaweza kuwa bado ana kikao kilichofunguliwa asubuhi, tokeni (kitambulisho cha kidijitali cha muda) inayodumu saa kadhaa, kazi iliyopangwa kuendeshwa usiku kwa jina lake, na wenzake aliowapa ruhusa alipokuwa bado anaaminiwa. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba kila ombi la kufikia kitu lazima likaguliwe, na lawama kubwa ya wahandisi wa leo ni kwamba tunayahifadhi majibu ya ukaguzi ili tuongeze kasi, kisha tunasahau kuyafuta. Jaribu hivi: mshushe mtumiaji wakati anahamisha faili kubwa, wakati seva moja imekatika mtandao, na wakati mfumo umelemewa, kisha upime muda unaopita hadi ombi lake la mwisho lililokubaliwa. Muda huo uandikwe katika sera kwa dakika au sekunde. Fuatilia pia ruhusa alizowapa wengine: wenye mfumo waamue kama zinaanguka pamoja naye au zinabaki, kwa maana nimeona hati nyingi za mifumo zisizosema lolote juu ya jambo hilo.

SWALI: Ndugu mhariri, ninafundisha kompyuta na ninawahimiza wanafunzi wangu wachangie miradi ya kimataifa. Wengi hukataliwa mwanzoni na kukata tamaa. Naona wataalamu hujaribu tu kama mwovu anazuiwa. Nani anajaribu kama mwema anaruhusiwa? – Mwalimu, Kampala

JIBU: Mwalimu, umegusa upande ambao mimi nauona umepuuzwa kwa muda mrefu mno. Mfumo unaomkataa kila mtu utafaulu majaribio yote ya usalama, na kwa sababu hiyo kila ripoti inapaswa kutaja makosa ya aina mbili: waovu walioruhusiwa na wema waliokataliwa.

Baadhi ya mifumo huweka masharti rahisi kueleweka. Katika Wikipedia ya Kiingereza akaunti huruhusiwa kuhariri makala zenye ulinzi mdogo ikifikisha siku 4 na mahariri 10, na zile zenye ulinzi ulioongezwa ikifikisha siku 30 na mahariri 500. Mjanja anaweza kuyafikia masharti hayo kwa mahariri yasiyo na maana, na wasimamizi wanaweza kumwondolea ruhusa aliyoipata hivyo, lakini angalau mwanafunzi wako anajua amebakiza nini. Mfumo wa alama zilizofichwa haumpi hata hilo.

Ugumu mwingine unatokana na mazingira yetu. Kampuni za simu katika nchi nyingi za Afrika huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya intaneti, na mfumo unaopima uaminifu kwa anwani humwadhibu mwanafunzi kwa kosa la mtu asiyemjua. Wahariri wa Wikipedia walioko Afrika wamelalamikia jambo hili hadharani, baada ya kujikuta wamezuiwa kwa sababu ya anwani wanazochangia na wengine. Anayeujaribu mfumo akiwa ofisini Ulaya, mwenye anwani yake mwenyewe, hatalikuta tatizo hili mpaka aweke kwa makusudi watumiaji 200 wema na mmoja mwovu nyuma ya anwani moja, kisha ahesabu wema wangapi wameathirika.

Kisa ambacho ningependa wanafunzi wako wakifanyie hesabu ni cha kusahau. Mifumo mingi hupunguza uzito wa matendo ya zamani ili mtu asiishi kwa sifa za kale, nayo ni hatua nzuri dhidi ya yule mwenye matendo 100 aliyegeuka niliyemtaja katika jibu la kwanza. Tuseme kanuni ni ile ile na kizingiti ni 0.9, lakini kila mwezi unaopita hupunguza uzito wa matendo kwa nusu. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya shule pekee huchangia wikiendi moja kwa mwezi, matendo mema 4, bila kosa hata moja. Mwezi wa kwanza ana 4. Wa pili ana 4 na nusu ya 4, yaani 6. Wa tatu ana 7. Wa nne 7.5. Hesabu hiyo huisogelea 8 na haiifiki kamwe, na tuliona kwamba bila 8 kizingiti cha 0.9 hakifikiwi. Mwanafunzi huyo anaweza kuchangia kwa miaka 10 bila doa na mfumo usimruhusu hata siku moja, wakati mtu mwenye kompyuta nyumbani ataruhusiwa kwa matendo 8 ya jioni moja.

Aliyeweka kanuni ya nusu kwa mwezi huenda hakukusudia kumfungia nje mtu yeyote, ila hakuna aliyeendesha kisa cha mwanafunzi huyo kabla mfumo haujaanza kutumika. Ukibadilisha jambo moja tu, uzito upungue kwa nusu kila miezi 3, matendo ya mwezi wa kwanza yatakuwa na uzito wa takriban 3.2 mwezi wa pili, jumla itakuwa 7.2, na mwezi wa tatu itapita 9. Mwanafunzi wako ataruhusiwa mwezi wa tatu, atashuka kidogo chini ya kizingiti kabla ya wikiendi ya nne, na kuanzia wikiendi hiyo hatashuka tena mradi aendelee na wikiendi yake moja. Gharama yake ni kwamba mkongwe aliyegeuka naye atasahauliwa polepole zaidi, kwa hiyo wape wanafunzi visa vyote viwili pamoja na watafute muda wa kusahau ambao mradi wao unaweza kuuvumilia kwa pande zote mbili.